Kitambaa Kimekataa Kufuata Mchoro: Hitilafu za Picha za Jedwali la Rangi kwenye Programu za Ufumaji

Karakana ndogo ya kufuma Iringa, Mafinga au Mbeya ni nadra kumudu programu ya kiwandani, kwa hiyo fundi wa kompyuta wa mtaani huombwa aandike ya kwao: ipokee mchoro wa mbunifu, itoe amri za kuinua nyuzi kwenye kitanda cha kufumia. Mchoro huja kama bitmapu, yaani picha ya nukta ziitwazo pikseli, yenye jedwali la rangi, na hapo ndipo kilio huanzia. Nimefuata malalamiko yenyewe jinsi wafumaji wanavyoyasema, kwa sababu anayekuja na blanketi lililoharibika mkononi haji na jina la hitilafu. Mifano ya msimbo ni ya Python na maktaba za Pillow na NumPy (np), ila mantiki yake inafaa lugha yoyote.

Katika picha ya kawaida kila pikseli hubeba rangi yake yenyewe: kiasi cha nyekundu, kijani na buluu. Katika picha ya jedwali la rangi, pikseli hubeba namba tu, tuseme 3, na pembeni kuna jedwali linalosema namba 3 ionyeshwe nyekundu. Kwa mtazamaji hakuna tofauti. Kwa mfumaji tofauti ni kubwa mno, maana kwake 3 haimaanishi wekundu. Inamaanisha "hapa fuma satini" (ufumaji wenye uso laini, uzi ukiruka juu ya nyuzi kadhaa), kama ambavyo 1 inamaanisha "hapa fuma moja juu moja chini". Rangi ipo ili mbunifu aone anachochora. Namba ndiyo amri. Karibu kila tatizo lililomo humu hutokea pale ambapo programu fulani njiani iliichukua amri hiyo kama picha ya kupendezesha macho, ikaamua kuirembesha.

Jambo lingine la kushika: pikseli moja kwa upana ni uzi mmoja wa mtande (nyuzi za urefu zilizotandazwa kitandani), na safu moja ya pikseli ni mshindio mmoja (uzi unaopitishwa kukingama). Mchoro wenye upana wa pikseli 450 unadai nyuzi 450 kitandani. Hakuna nusu pikseli.

Pima kwanza

Usifungue msimbo wako kabla hujaona majibu ya mistari hii mitatu:

```
p = Image.open("blanketi.bmp")
print(p.format, p.mode, p.size)
print(p.getcolors(256))
```

Mstari wa pili unakuambia aina ya faili, hali ya picha na vipimo. Hali ya "P" ni picha ya jedwali, "1" ni nyeusi na nyeupe tupu, "L" ni ya kijivu, "RGB" ni picha ya kawaida isiyo na jedwali. Mstari wa tatu, kwa picha ya "P", unataja kila namba iliyotumika na idadi ya pikseli zake. Ukijibiwa None, rangi zimepita 256, na hapo tayari umejua kwamba kilichofika si mchoro uliotoka kwa mbunifu.

Angalia pia namba zenye pikseli chache. Namba yenye pikseli mbili au tatu katika mchoro wa maelfu ya pikseli ni mkono ulioteleza, au ni dalili ya ugonjwa unaofuata.

"Nilichora rangi sita, mashine inasema ni mia tatu"

Uliza kwanza mchoro ulisafiri vipi. Mbunifu yuko Njombe, karakana iko Iringa, mchoro umetumwa kwa WhatsApp kama picha. Picha inayotumwa hivyo hubanwa kuwa JPEG, na JPEG haina jedwali la rangi kabisa. Hukata picha vipande vya pikseli 8 kwa 8, hutupa maelezo madogo ambayo jicho haliyaoni, na penye ukingo mkali kati ya rangi mbili huacha ukungu wa rangi za katikati. Kwa picha ya harusi hasara hiyo haionekani. Kwa mchoro wa kufuma, kila rangi ya katikati ni amri ambayo haipo.

Dawa ni kutuma faili kama dokumenti. Hivyo hufika bila kuguswa. Kubadilisha mwisho wa jina kutoka .jpg kuwa .bmp hakurudishi chochote, na kuifungua JPEG na kuihifadhi upya kama BMP (aina ya faili la bitmapu) kunahifadhi ukungu uleule kwa uaminifu.

Ikiwa faili halijapita kwenye simu, chanzo cha pili ni brashi. Programu za kuchorea hulainisha kingo za brashi kwa kuchanganya rangi mbili zinazopakana. Kwenye GIMP, tumia zana ya penseli, ambayo kingo zake ni kali, na ugeuze picha kuwa ya jedwali kabla ya kuanza kuchora, si baada ya kumaliza. Ukichora ndani ya picha ya jedwali, programu haina mahali pa kuweka rangi ya katikati.

Chanzo cha tatu ni kukuza au kupunguza. Pillow ina tabia ambayo fundi anapaswa kuijua: picha ya "P" au "1" ikibadilishwa ukubwa, kila pikseli mpya huchukua namba ya pikseli ya jirani wa karibu, na hakuna namba inayozuka. Lakini ukiigeuza kwanza kuwa "RGB" halafu ukaibadilisha ukubwa, Pillow hukokotoa wastani wa majirani, na rangi mpya zinazaliwa. Mpangilio wa mistari miwili tu ya msimbo unatosha kuharibu mchoro mzima. Badilisha ukubwa ikiwa bado "P".

Je, JPEG ikiwa ndiyo pekee iliyobaki, mbunifu amepoteza faili asili? Unaweza kulinganisha kila pikseli na rangi sita zilizokusudiwa na kuipa iliyo karibu zaidi, kisha kupitia kingo kwa mkono. Inawezekana, lakini mimi hupendelea mchoro uchorwe upya, hasa kwa kazi yenye maandishi. Saa chache za kuchora ni rahisi kuliko mita za uzi wa sufu zilizofumwa vibaya. Programu yenyewe iikatae JPEG mlangoni kwa ujumbe wa Kiswahili unaoeleweka: "Omba faili asili, litumwe kama dokumenti."

"Kitambaa kina vumbi"

Eneo lililotakiwa kuwa la mfumo mmoja (namna moja ya kupishanisha nyuzi) limejaa nukta za mfumo mwingine zilizotawanyika. Hapa rangi zinaweza kuwa sita kamili, kwa hiyo hesabu ya rangi haitakuonya.

Picha yenye rangi nyingi inapopunguzwa kuwa ya rangi chache, programu nyingi hunyunyiza nukta za rangi mbili ili jicho lidanganyike na kuona rangi ya tatu. Njia iliyoenea zaidi ni ya Robert Floyd na Louis Steinberg, ya mwaka 1976: kosa la rangi la kila pikseli hugawiwa majirani wanne, wa kulia akipata sehemu 7 kati ya 16, na watatu wa safu ya chini wakigawana 3, 5 na 1. Kwenye karatasi matokeo yake yanapendeza. Kwenye kitambaa kila nukta pweke ni uzi unaovunja mpangilio wa mfumo, na ukiupitishia mkono unausikia.

Katika Pillow, unyunyizaji huu hufanyika usipoukataza. Amri ya convert("P") kutoka "RGB", ikiachwa peke yake, hutumia jedwali la rangi za intaneti ambalo hukulichagua, na hunyunyiza. Amri ya convert("1") nayo hunyunyiza. Ikiwa lazima upunguze rangi, ipe Pillow jedwali lako na uzime unyunyizaji:

```
q = p.quantize(palette=kiolezo, dither=Image.Dither.NONE)
```

Hapo kiolezo ni picha ya "P" yenye jedwali la karakana, na p ni ya "RGB".

"Rangi ni zenyewe, ila ufumaji umehama"

Huu ndio ugonjwa mgumu kuliko yote, kwa sababu skrini haikusaidii. Mchoro unafunguka vizuri, rangi ni zilezile, idadi ni ileile, hakuna nukta hata moja. Kitandani, palipotakiwa satini pametoka mshazari (ufumaji wa mistari iliyolala kwa pembe).

Namba zimepangwa upya. Tuseme jedwali la karakana ni hili: 0 ukingo, 1 moja juu moja chini, 2 mshazari wa kulia, 3 mshazari wa kushoto, 4 satini ya mtande, 5 satini ya mshindio. Safari hii mbunifu hakutumia mshazari wa kulia. Programu ya kuchorea, ilipogeuza picha kuwa ya jedwali, ilikuwa na alama ya "ondoa rangi zisizotumika". Ikaondoa 2. Basi 3 ikawa 2, 4 ikawa 3, 5 ikawa 4, na rangi zikahama pamoja nazo, kwa hiyo jicho halikuona kitu. Programu yako ikasoma 3 na kufuma mshazari wa kushoto, mahali ambapo mbunifu aliweka satini ya mtande.

Njia nyingine ya kufikia hapo ni programu inayopanga jedwali kwa wingi wa matumizi au kwa mwangaza inapohifadhi. Na njia ya tatu iko kwako mwenyewe: msimbo uligeuza picha kuwa "RGB" ili uikate au uizungushe, kisha ukairudisha kuwa "P". Namba mpya hazina undugu wowote na za zamani.

Kuthibitisha ni rahisi. Chapisha mwanzo wa jedwali la faili na la kiolezo, kisha uyalinganishe kwa macho:

```
print(p.getpalette()[:18])
print(kiolezo.getpalette()[:18])
```

Rangi sita kwa tarakimu tatu kila moja ni tarakimu 18. Zikitofautiana kwa mpangilio, umempata mwizi.

Kumwambia mbunifu aondoe ile alama kutasaidia kwa mchoro mmoja. Kesho atakuja mwingine mwenye programu nyingine. Ndiyo maana nashauri utaratibu huu: mlangoni, rangi iwe kitambulisho, ikishavuka mlango, namba peke yake ndiyo itumike. Yaani usiziamini namba zilizokuja na faili. Tazama rangi kamili ya kila pikseli, itafute kwenye jedwali la karakana, uipe namba ya karakana. Rangi isiyojulikana isipite.

```
def soma(njia, jedwali):
    p = Image.open(njia)
    if p.format == "JPEG":
        raise ValueError("Omba faili asili, litumwe kama dokumenti")
    rgb = np.array(p.convert("RGB"))
    namba = np.full(rgb.shape[:2], 255, dtype=np.uint8)
    for n, rangi in enumerate(jedwali):
        namba[(rgb == rangi).all(axis=2)] = n
    if (namba == 255).any():
        raise ValueError("Kuna rangi isiyo kwenye jedwali")
    return namba
```

Utaratibu huu una sharti moja lisilo na mjadala: mifumo miwili isishiriki rangi moja. Na hapa ndipo wabunifu wazuri hujikwaa, kwa nia njema. Wanataka mchoro ufanane na kitambaa. Uzi ni mmoja, wa rangi ya maziwa, basi moja juu moja chini wanaipa rangi ya maziwa na mshazari wanaupa rangi ya maziwa ileile, kwa sababu ndivyo kitakavyoonekana. Ndani ya picha ya jedwali jambo hilo linakubalika, maana namba 1 na namba 2 ni mbili hata zikivaa sawa. Ikipita kwenye "RGB" mara moja tu, zinakuwa kitu kimoja na hakuna ufundi wa kuzitenganisha tena.

Kwa hiyo rangi za jedwali la karakana ziwe za kupiga kelele: nyekundu kali, kijani kali, zambarau, machungwa, zilizo mbalimbali. Rangi halisi ya uzi ihifadhiwe mahali pengine. Hata muundo wa WIF, ambao programu nyingi za kufuma huutumia kubadilishana kazi tangu toleo lake la 1.1 la mwaka 1997, huweka jedwali la rangi za nyuzi katika sehemu yake na mpango wa kuinua katika sehemu nyingine. Mteja akitaka kuona blanketi litakavyokuwa, programu imtengenezee picha ya maonyesho kutoka kwenye namba. Hiyo ni picha ya kutazama tu, na isirudi kitandani kamwe.

"Programu imekataa namba 76"

Ujumbe wa hitilafu unataja namba kubwa, na wewe una mifumo sita tu. Ukiona 76 au 29, usitafute mbali: mtu ameita convert("L") akidhani anapata namba za jedwali. Anachopata ni mwangaza wa rangi, unaopimwa kwa asilimia 29.9 ya nyekundu, 58.7 ya kijani na 11.4 ya buluu. Nyekundu kamili hutoa 76, buluu kamili hutoa 29. Namba za jedwali hupatikana kwa np.array(p) ikiwa picha bado ni "P".

Kinyume chake ni skrini nyeusi tititi. Namba 0 hadi 5 zimehifadhiwa kama vivuli vya kijivu vya 0 hadi 255, na vyote sita vinaonekana vyeusi. Data yako ni nzima, usiitupe. Ipe jedwali tu.

"Picha imelala"

Sehemu hii inamhusu anayesoma BMP mwenyewe, baiti kwa baiti, kwa mfano kwenye bodi ndogo ya Arduino inayoendesha kitanda na isiyo na nafasi ya maktaba kubwa.

Mchoro umeegemea upande mmoja kama ukuta unaoanguka, na kadiri safu zinavyoongezeka ndivyo unavyozidi kuegemea. Sababu ni baiti za kujazia. Kila safu ya BMP lazima ichukue idadi ya baiti inayogawanyika kwa 4, hata kama pikseli hazifiki. Nyuzi 450 kwa biti 8 kila pikseli ni baiti 450, lakini safu inachukua 452. Ukisoma 450 na kuendelea, kila safu inahama pikseli 2. Hesabu ya kutumia daima, ukitupa baki kila unapogawanya:

```
urefu_wa_safu = ((biti * upana + 31) // 32) * 4
```

Kwa biti 4 jibu ni 228, kwa biti 1 ni 60. Hitilafu hii hujificha kwa muda mrefu ikiwa michoro yako ya majaribio ina upana unaogawanyika kwa 4, kwa hiyo jaribu makusudi kwa upana wa 449 au 451.

Zipo nyingine za jamii hiyohiyo. Ikiwa kingo za maumbo zina meno kama ya msumeno na picha ni ya biti 4, umegeuza nusu za baiti: nusu ya juu ndiyo pikseli ya kushoto. Ikiwa ni ya biti 1 na kila kundi la nyuzi nane limegeuka kioo, biti ya juu kabisa ndiyo ya kushoto. Ikiwa picha nzima ni kelele tupu, soma nafasi ya 30 kwenye kichwa cha faili (baiti zikihesabiwa kuanzia 0): ukikuta 1 au 2 badala ya 0, faili limebanwa, na inabidi ulifumue kwanza au ulikatae. Ikiwa picha imeanza mahali pasipo pake, usidhani data huanzia baiti fulani ya kudumu. Nafasi ya 10 ndiyo inayotaja inapoanzia. Na idadi ya rangi iliyoko nafasi ya 46 ikiwa 0, haina maana kwamba hakuna rangi: jedwali limejaa, yaani rangi 256 kwa biti 8 au 16 kwa biti 4.

Rangi zikibadilishana, ni mpangilio wa jedwali. Kila rangi kwenye jedwali la BMP ina baiti nne: buluu, kijani, nyekundu, na moja ya akiba. Anayesoma nyekundu kwanza anazigeuza. Kipimo kizuri ni bendera yetu ya taifa. Ikisomwa kinyume, kijani inabaki kijani na nyeusi inabaki nyeusi, lakini manjano inakuwa ya samawati na buluu inakuwa ya dhahabu, kana kwamba mbili hizo zimepeana nafasi. Mtu anaweza kuitazama haraka na kuipitisha. Itazame taratibu.

Umeme ukikatika wakati faili linaandikwa, sehemu yake hubaki haipo. Pima ukubwa: faili la biti 8 lenye kichwa cha kawaida cha baiti 54 na jedwali kamili la baiti 1,024, kwa mchoro wa 450 kwa 600, halipaswi kuwa chini ya baiti 1,078 + 452 × 600, yaani 272,278. Pungufu ya hapo, usifume. Na programu yako iandike faili kwa jina la muda, ibadilishe jina baada ya kumaliza.

"Maandishi yamegeuka"

Kwa kipimo hiki natumia neno la salamu ya Kihehe, KAMWENE, kwa herufi kubwa zilizonyooka. Karibu kila mtu Iringa analitambua, na herufi zake zinataja hitilafu zenyewe. Ikiwa A, M na W ziko sawa lakini K, E na N zimegeuka, kitambaa kimegeuka kulia kwa kushoto. Ikiwa K na E ziko sawa, A imesimama kwa kichwa, na M na W zimebadilishana, picha iko juu chini. Ikiwa N peke yake ndiyo iliyo sawa, imezungushwa nusu duara.

Juu chini hutokana na kawaida ya BMP: safu ya kwanza ndani ya faili ni ya chini kabisa ya picha, isipokuwa urefu ulioko nafasi ya 22 ukiwa hasi, ambapo safu huanza juu. Kwa bahati njema mfumaji naye huanzia chini, hivyo msimbo unaosoma faili na kutuma safu kama zilivyo hufuma sawasawa. Siku mtu "anaporekebisha" picha iliyo juu chini kwenye skrini bila kugusa upande wa kitanda, kitambaa ndicho kinachogeuka. Amua mahali pamoja tu ndani ya msimbo pa kugeuzia, na upaandike wazi.

Kulia kwa kushoto mara nyingi si kosa la faili. Wafumaji wengi hufuma uso wa kitambaa ukiwa chini ili wainue nyuzi chache. Muulize mfumaji kabla ya kubadilisha msimbo, na uweke chaguo hilo kwenye skrini yake, kwa sababu litabadilika kazi kwa kazi.

"Duara limekuwa yai"

Pikseli ya skrini ni mraba. Makutano ya uzi na uzi si lazima yawe mraba. Kitanda chenye nyuzi 12 za mtande kwa sentimita na mishindio 9 kwa sentimita kinahitaji duara la sentimita 10 lichorwe kwa pikseli 120 kwa 90. BMP ina nafasi za kuhifadhi jambo hili, 38 na 42, zinazotaja pikseli kwa mita: andika 1200 na 900. Programu nyingi za kuchorea hazizijali, ila yako inaweza kuzisoma na kumwonyesha mbunifu umbo halisi.

"Kuna mstari wima unaojirudia"

Maua au misalaba inarudiwa upande hadi upande, na kila inapoungana na mwenzake kuna mfereji mwembamba. Upana wa kipande haugawanyiki kwa mzunguko wa mifumo. Moja juu moja chini huzunguka kwa nyuzi 2, mshazari wa mbili juu mbili chini kwa 4, satini ya nane kwa 8. Kipande cha 450 kinaacha nyuzi 2 nje ya mzunguko wa 8, fanya 448. Ukichanganya satini ya tano na ya nane, tafuta upana unaogawanyika kwa 40.

Sababu nyingine ni kuanza kuhesabu mfumo upya ndani ya kila umbo. Hesabu kutoka kona ya kitambaa kizima:

```
amri[y, x] = mfumo[namba[y, x]][y % h, x % w]
```

Hapo h na w ni vipimo vya mfumo unaohusika.

"Kitanda kinainua nyuzi zote, na kitambaa kinanasa vidole"

Haya ni malalamiko mawili yanayokuja pamoja mwishoni mwa njia, baada ya namba kugeuzwa kuwa picha ya biti 1 ya inua na usiinue. Ni kazi ileile ya tundu kwenye kadi zilizoongoza kitanda cha kufumia cha Joseph Marie Jacquard wa Lyon, Ufaransa, mwaka 1804.

Nyuzi zikiinuka kinyume, nyeusi na nyeupe zimepishana. Kwa kawaida nyeusi ni uzi wa mtande ulio juu, lakini ndani ya faili la biti 1 jedwali linaweza kuanza na nyeusi au na nyeupe. Pillow inaongeza mtego wake: BMP ya biti 1 ambayo jedwali lake ni nyeusi kisha nyeupe hufunguliwa kama "1", na ambayo ni nyeupe kisha nyeusi hufunguliwa kama "P". Msimbo unaoita np.array(p) kwa zote mbili bila kuuliza hupata kweli kwa nyeupe katika moja, na 1 kwa nyeusi katika nyingine. Igeuze kwanza kuwa "RGB", ndipo uulize pikseli ni nyeusi au la.

Vidole kunasa ni nyuzi zinazoruka mbali bila kufungwa. Chanzo kikubwa ni mchoro kupelekwa kwenye biti 1 moja kwa moja bila kujazwa mfumo: eneo jeusi la pikseli 40 linakuwa uzi unaopita juu ya nyuzi 40. Hata mifumo ikiwa imejazwa, mipakani kati ya mfumo na mfumo miruko miwili inaweza kuungana. Pima kabla ya kutuma, kwa upana na kwa urefu:

```
def mruko_mrefu(mstari):
    refu = sasa = 1
    for a, b in zip(mstari, mstari[1:]):
        sasa = sasa + 1 if a == b else 1
        refu = max(refu, sasa)
    return refu
```

Pitisha kila safu na kila wima. Kwa blanketi la mtoto la nyuzi 12 kwa sentimita mimi huweka kikomo cha 7, karibu milimita 6, kwa sababu kidole kidogo na kifungo hunasa kwenye kilicho kirefu zaidi. Mahali palipozidi, programu ipake pikseli hizo rangi ya onyo kwenye picha ya maonyesho na imwachie mfumaji aamue pa kufunga. Usijaze fundo kimyakimya ndani ya msimbo: fundo moja lililowekwa vibaya kwenye ukingo wa ua linaonekana kutoka mlangoni, na mfumaji ndiye anayejua lifichwe wapi.